Premio inanguruma asubuhi, jioni imepona: kweli ni toki konveta?

MamaTrei, Jumatatu, saa 3 usiku

Habari zenu wadau. Mimi si mtu wa magari, ni mtu wa mayai. Nayachukua kwa wafugaji wa Kimende na Limuru, nateremka nayo kabla jua halijatoka, nagawia vibanda vya Kangemi na hoteli mbili za Westlands, halafu nazunguka hadi Umoja kumaliza. Trei 60, buti na kiti cha nyuma vimejaa. Gari ni Toyota Premio ya 2004, injini ya 1ZZ, 1800, otomatiki ya gia nne.

Tangu mwezi wa sita imeanza tabia. Asubuhi nikishuka kutoka Rironi, mwendo 80, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unakaa 2,700 na hautaki kushuka. Injini inalia kama matatu iliyopewa dereva wa majaribio. Zamani 80 hiyohiyo haikuwa inafika 2,000. Petroli naiandika kwenye daftari la mayai, kwa hivyo hapa sibahatishi: Januari hadi Mei nilikuwa napata kilomita 12.5 kwa lita. Juni ikashuka hadi 10.1, Julai 9.8. Kwa mwendo wangu wa siku, hiyo ni karibu bei ya trei nzima, kila siku, inachomwa tu.

Kinachonichanganya ni jioni. Nikishatoka Umoja, nikakaa kwenye foleni ya Outering mpaka nikome, nikiingia Thika Road gari ni ileile niliyonunua. Mwendo 80, mshale 1,850, kimya. Kesho yake alfajiri, kelele upya.

Nilipeleka gereji moja, jina sitaji. Fundi akaizungusha dakika kumi, akarudi, akakanyaga breki na mafuta pamoja gari ikiwa D, ikanguruma mpaka majirani wakatoka. Akasema, "Mama, toki konveta, kile kinachounganisha injini na giaboksi, imekufa; lokapu, klachi yake ya ndani, haishiki." Giaboksi ya eksi-Japani pamoja na kazi, 68,000. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Oili ya gia ni nyeusinyeusi lakini haijapungua.

Nimeomba siku tatu za kufikiria. Naomba mnisaidie kufikiria.

Jombaa_wa_Grogan, Jumatatu, saa 3:40 usiku

Mama usijisumbue. Giaboksi za 1ZZ zimejaa mjini, weka ingine uendelee na biashara. Ukianza kufungua konveta utalipa mara mbili. Ila 68 amekupiga. Nipe 52 na gari unaichukua jioni hiyohiyo.

Mtetemo, Jumatatu, saa 4:05 usiku

Pole dada. Mimi lokapu iliniharibikia kweli, kwenye Toyota Wish, injini ileile yako, kwa hivyo nikueleze ilivyokuwa ulinganishe. Yangu ilianza na mtetemo. Kati ya 60 na 80, nikishikilia mafuta polepole, gari ilikuwa inatikisika kama ninapita juu ya yale matuta membamba wanayopaka kabla ya kivuko cha watu. Nikikanyaga zaidi au nikiachilia, inaacha. Nilidhani ni tairi, nikabalansi magurudumu mara mbili. Kisha nikabadilisha plagi. Bure.

Nilikuja kugundua kwa breki. Mtetemo ukiwa umeshika, nikigusa pedali kidogo tu, unakatika palepale, mshale unapanda kidogo. Oili ilikuwa imechoka hadi inanuka kuungua. Niliimwaga na kuweka mpya mara tatu ndani ya mwezi mmoja, ikatulia miezi minne, halafu ikarudi. Mwisho nilibadilisha konveta.

Lakini angalia tofauti. Yangu ilikuwa inaanza ikishapata moto. Asubuhi ilikuwa malaika. Yako ni kinyume, na hapo mimi nimefika mwisho wa ujuzi wangu.

FundiKimya, Jumanne, saa 12 asubuhi

Mama Trei, usilipe mtu yeyote chochote bado. Jombaa, weka hiyo 52 mfukoni kwanza.

Nianze na kitu hiki kinachotajwa na kila mtu. Konveta ni feni mbili zinazotazamana ndani ya bakuli lililojaa oili. Feni ya injini inarusha oili, feni ya giaboksi inasukumwa na hiyo oili. Chuma hakigusi chuma, ndiyo maana unaweza kukaa kwenye foleni ukiwa D na injini isizimike. Ila feni ya pili haiwezi kuifikia ya kwanza. Inabaki nyuma kidogo, na hicho kidogo ni petroli yako inayogeuka joto. Kwa hivyo ndani yake kuna klachi, na gari ikishatulia kwenye mwendo inazifunga feni zote mbili zizunguke kama kitu kimoja. Hiyo ndiyo lokapu. Packard waliiweka kwenye magari yao Marekani mwaka 1949, kwa hivyo mtu asikutishe kwamba ni ugonjwa wa magari ya kompyuta.

Sasa hesabu zako. Lokapu ikifa peke yake, kwa mwendo wa 80 kwenye tambarare unapoteza mizunguko 200, labda 300. Wewe asubuhi uko 2,700 na jioni 1,850. Hizo ni 850. Lokapu peke yake haiwezi kula zote hizo. Hapo kuna gia nzima haipo: asubuhi unatembea na gia ya tatu. Na unateremka, hata na trei zako injini haina kazi ya kuvuta, gari haina sababu yoyote ya kukataa ya nne.

Kwa hivyo una vitu viwili vinavyokosekana pamoja, gia ya nne na lokapu, na vinarudi pamoja. Klachi iliyoisha haifanyi hivyo. Klachi iliyoisha haiponi baada ya foleni ya Outering. Hiyo foleni ndiyo ingeiua kabisa, kwa sababu oili ikipata moto inakuwa nyepesi, presha inavuja kwenye valvu zilizolika, na mshiko unapotea. Mtetemo amekuambia yake ilianza ikiwa moto. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya lokapu kufa. Yako inaugua baridi na kupona joto. Mimi nikisikia hivyo naacha kuitazama giaboksi, namtazama anayeiamuru.

Anayeiamuru ni kompyuta, na kompyuta ya Toyota za aina hii haitoi ya nne wala lokapu injini ikiwa bado baridi, chini ya nyuzi 60 hivi. Inafanya kusudi, ili injini ipate moto haraka. Pia haitoi lokapu ikidhani umekanyaga breki. Swichi ya breki ikikwama, taa za nyuma zinawaka muda wote na lokapu huioni maisha yako yote. Lakini hiyo ingekusumbua na jioni, na isingegusa gia ya nne.

Kile alichofanya yule fundi, breki na mafuta pamoja, kinapima kama konveta inasukuma na kama klachi za giaboksi zinashika. Gari imesimama, lokapu haijaitwa hata. Huwezi kuitangaza imekufa kwa kipimo ambacho haikuhudhuria. Na usikubali tena mtu akufanyie hivyo zaidi ya sekunde tano, oili inachemka.

Naomba unifanyie haya kabla hujaenda popote. Vuta dipstiki ya gia, kile kijiti cha kupimia oili, upanguse kwenye karatasi nyeupe. Nyeusinyeusi nitakusamehe. Ikiwa rangi ya maziwa ya strobari, simamisha gari hapo hapo, maana maji ya rediyeta yameingia kwenye giaboksi. Halafu kesho alfajiri hesabu mishuko ya mshale. Toka polepole, kanyaga mafuta kidogo na usibadilishe mguu. Kila gari inapopiga gia, mshale unashuka: moja kwenda mbili, mbili kwenda tatu, tatu kwenda nne. Kisha, ukitulia, kuna mshuko wa nne, mdogo, laini, kama gia ya tano ambayo haipo. Huo ndio lokapu. Niambie umehesabu mingapi asubuhi, na mingapi jioni. Jioni hiyohiyo, ukiwa 80 na hakuna mtu nyuma yako, shikilia mafuta na uguse breki kwa mguu wa kushoto, kiasi cha taa kuwaka tu. Mshale ukiruka 200 au 300 na kurudi ukiachilia, lokapu yako inafanya kazi na nitakwambia ukalale.

Na swali moja la bure. Kuna mtu aliyeshika rediyeta, maji au bomba lolote mwezi wa tano au wa sita? (Kitufe cha O/D hapo kwenye gia, kile kinachoruhusu au kuzuia gia ya nne, sikuulizi, najua utanitukana, lakini nimeshawahi kumpokea mtu aliyenunua solenoidi, valvu ya umeme ya giaboksi, wakati taa ya O/D OFF inamwangalia usoni.)

MamaTrei, Jumatano, saa 2 usiku

Fundi Kimya, nimerudi na daftari.

O/D nimeangalia. Nimekutukana kidogo.

Dipstiki: kahawia iliyokolea, hakuna maziwa. Asubuhi, kutoka Kimende, mishuko miwili. Nilirudia mara tatu mpaka lori la nyuma likanipigia honi. Jioni, Thika Road, mishuko minne, na ule wa nne kweli ni laini, nimemiliki hii gari miaka sita sikuwahi kuujua. Breki: 1,850 ikaruka 2,100, nikaachilia, ikarudi 1,850. Nikafanya tena kwa raha tu.

Sasa hili la rediyeta. Tarehe 29 Mei ilichemka Uthiru. Nikaivuta hadi kwa fundi wa karibu, akabadilisha rediyeta, 9,500. Nimefungua ukurasa wa Juni. Mstari wa kwanza mbaya wa petroli ni tarehe 2. Ni ukurasa uleule! Risiti ya rediyeta imebanwa kwa stepla juu yake, na mimi miezi miwili nalaumu petroli ya stesheni.

Na kitu kingine nilichokuwa nimekifurahia. Tangu siku hiyo mshale wa joto unakaa robo, haufiki katikati mpaka nifike Kangemi kwenye foleni. Nilikuwa nasema, sasa injini yangu ni baridi, rediyeta nzuri hii. Hita nayo ikawa inapuliza upepo wa baridi. Julai, Limuru, saa kumi na moja alfajiri, navaa glavu ndani ya gari. Nikadhani hita nayo imezeeka.

FundiKimya, Jumatano, saa 2:20 usiku

Hapo umeshajijibu. Walikutolea termostati, ile valvu inayozuia maji kuzunguka kwenye rediyeta mpaka injini ipate moto.

Hakikisha mwenyewe, haitakugharimu kitu. Injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe, subiri dakika nne au tano, shika bomba la CHINI la rediyeta. La chini, si la juu, kwa sababu kwenye 1ZZ termostati imekaa upande wa maji yanapoingia injini. Mikono mbali na mkanda na feni. Termostati ikiwepo na ikiwa nzima, bomba hilo linabaki baridi mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu, halafu linapata moto kwa mkupuo. Likianza kuwa vuguvugu mapema, polepole, maji yanazunguka bila mlinzi.

Jombaa_wa_Grogan, Jumatano, saa 2:45 usiku

Fundi, na wewe usimtie mama hofu. Termostati ni ya Wazungu na baridi yao ya theluji. Nairobi hii nimetoa mamia, injini inakaa poa na hakuna gari iliyonirudia.

FundiKimya, Jumatano, saa 3:10 usiku

Hazikukurudia, Jombaa. Zilienda kwa mwingine kuuziwa giaboksi.

Ile ya 1ZZ inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kazi yake si kupasha injini kwa ajili ya theluji, ni kuhakikisha injini haiendi chini ya hapo. Ukiitoa, gari inayoshuka kutoka Limuru alfajiri ya Julai, mafuta hayakanyagwi, upepo wa 80 unapiga rediyeta mpya, maji yanakaa nyuzi hamsini na kitu safari nzima. Kompyuta inaona injini haijaamka. Inanyima ya nne, inanyima lokapu, na juu ya hayo inaongeza petroli kama mtu anayewasha jiko lenye kuni mbichi. Hasara tatu, moja juu ya nyingine. Foleni ikija, upepo umekatika, maji yanapanda, kila kitu kinarudi. Ndiyo jioni yake hiyo.

Mama, nikuongezee jambo ukienda kurekebisha. Ilichemka kwa sababu fulani, na termostati huenda ilikuwa imekwama ikiwa imefunga, kwa hivyo kuitoa kulimsaidia fundi siku hiyo. Kosa ni kutorudisha nyingine. Nunua ya nyuzi 82, si ile ya 76 watakayokuambia ni "ya Afrika". Ina kivalvu kidogo kinachochezacheza pembeni; kikae juu, hewa ipate njia. Badilisha na kofia ya rediyeta. Huku juu maji matupu yanachemka mapema, nyuzi 94 hivi kwa Nairobi, Limuru hata chini ya hapo. Presha ya kofia ndiyo inayokulinda. Na weka kulanti, si maji ya mfereji.

Ukiwa huko, mwaga oili ya gia uweke Type T-IV. Itatoka lita tatu hivi, nyingine inabaki ndani ya konveta, usishangae. Kipimo ni injini ikiwa inawaka na imepata moto, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Wanaopima baridi ndio wanaojaza kupita kiasi.

Mtetemo, Alhamisi, saa 1 asubuhi

Nimeenda kushika bomba langu la chini. Liko sawa. Lakini nimekaa nikiwaza kuhusu wale walioniuzia konveta.

MamaTrei, Jumapili, wiki mbili baadaye, saa 11 jioni

Wadau, ripoti.

Fundi mwingine, kijana wa Ngara, alifungua nati mbili mbele yangu. Ndani hakukuwa na kitu. Shimo tupu, gasketi ya mpira imebanwa peke yake kama pete iliyokosa kidole. Maji yaliyotoka yalikuwa rangi ya Mto Ruiru baada ya mvua. Termostati ya 82 nilipata Kirinyaga Road kwa 2,800, kofia 900, kulanti lita nne, T-IV lita tatu na nusu. Pamoja na kazi nilitoa 11,300. Kile kivalvu nilimwonyesha mimi mwenyewe kikae juu. Akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikasema mimi ni wa mayai.

Jumatatu alfajiri, Kimende, giza na ukungu. Mshale wa joto ulifika katikati kabla sijafika Rironi. Nilikuwa nimeshikilia pumzi. Mshuko wa kwanza, wa pili. Nikangoja, wa tatu. Nikatulia kwenye 80, nikaona ule mdogo, wa nne, mshale ukilala 1,850 taratibu kama mtu anayejilaza. Hita ikanipulizia moto mpaka nikavua glavu. Kinoo barabara ikiwa tupu niligusa breki, ikaruka, ikarudi.

Daftari la wiki mbili: 12.2 kwa lita. Nasubiri mwezi uishe ndipo niandike kwa kalamu, kwa sasa ni penseli.

Yule wa 68,000 amenipigia mara mbili akiniuliza giaboksi niletewe lini. Nimemwambia nitamjulisha.

Mtetemo, Jumapili, saa 11:30 jioni

Hongera dada. Sasa trei unauza ngapi?

MamaTrei, Jumapili, saa 11:34 jioni

420, ukija Umoja mwenyewe. Yakipasuka njiani kwa sababu ya hiyo Wish yako, si juu yangu.